Muyinga na asili ya watawala wa Uhehe

Muyinga anatajwa kuwa mwanzilishi wa ukoo uliotawala Uhehe, nyanda za juu za Iringa zilizo kaskazini mwa Makambako na Njombe. Habari zake zimetokana na masimulizi ya wazee. Sehemu ya masimulizi hayo iliandikwa na ofisa wa Kijerumani, Ernst Nigmann, mwaka 1908.

Asili

Baba yake Muyinga, Mufwimi, jina lenye maana ya mwindaji, alitoka Usagara akifuata wanyama hadi Nguluhe, pande za Dabaga, kwa mtwa (mtawala) Mwamududa. Akiwa huko alimpa mimba Semduda, binti wa mtwa, kisha akarudi porini. Nyati alimuua kabla hajamwona mtoto. Mtoto huyo, Muyinga, akalelewa kwa babu yake mzaa mama, na baadaye akarithi utawala wake.

Masimulizi humtukuza mwindaji, na ukoo huhesabu nasaba kwake. Hata hivyo, haki ya kutawala Nguluhe ilipitia kwa Semduda. Pasipo yeye, Mufwimi angebaki mpita njia. Usambaa nako kuna simulizi ya namna hiyo: Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ungulu, ndiye mwanzilishi wa Wakilindi, ukoo uliotawala huko.

Kupanuka

Kwa vizazi kadhaa wazao wa Muyinga walikuwa watwa wadogo miongoni mwa wengi. Aliyewainua ni Munyigumba, mwana wa Kilonge, ambaye katikati ya karne ya 19 aliziunganisha nchi hizo ndogo kwa vita na kwa ndoa. Mbinu za kivita zilitoka kwa Wasangu, nao walikuwa wamejifunza kwa Wangoni: vikosi vyenye nidhamu na mkuki mfupi wa kuchomea. Jina Wahehe, linalohusishwa na ukelele wao wa vita, lilienea wakati huo. Munyigumba alifariki mnamo 1879 na kuzikwa Rungemba, karibu na Mafinga.

Warithi

Mwanawe Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapoteza ngome ya Kalenga mwaka 1894, na akajiua 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi, hadi 1994.