Chanjo ya surua na rubela: Dozi ya pili isiachwe

KATIKA kadi ya kliniki ya mtoto wa Kitanzania zimo nafasi mbili za chanjo ya surua na rubela, ya miezi tisa na ya miezi 18. Ya kwanza aghalabu hujazwa. Ya pili ndiyo huachwa wazi, kwani mtoto ameshaanza kutembea, hana dalili ya maradhi, na katika mji kama Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, ambako wengi huishi kwa kilimo cha nyanya na vitunguu, siku ya shamba ni ngumu kuiacha.

Chanjo hiyo ya pamoja ilianza kutolewa nchini Oktoba 2014, kwa kampeni iliyowahusu watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15, kisha ikachukua nafasi ya chanjo ya surua pekee. Kampeni nyingine kwa walio chini ya miaka mitano zilifuata Oktoba 2019 na Februari 2024.

Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa kabisa. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Huleta nimonia, kuhara na hata upofu. Rubela kwa mtoto ni vipele na homa ndogo tu. Hatari yake imo tumboni mwa mama. Mjamzito akiipata miezi ya mwanzo, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho au na kasoro ya moyo. Kwa hiyo anayechanjwa leo hulinda pia mimba asizozijua.

Nchi nyingi huongeza kinga ya tatu, ya matubwitubwi, katika sindano hiyo hiyo. Chanjo ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1971. Ratiba ya taifa ya Tanzania haina sehemu hiyo ya tatu.

Kwa nini miezi tisa? Kabla ya hapo kinga aliyoirithi mtoto kwa mama yake huweza kuizima chanjo, ambayo ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Hata katika umri huo, watoto wapatao 15 katika kila 100 hawajengi kinga kwa dozi ya kwanza, na kwa macho hawatambulikani. Dozi ya pili huwafikia hao. Ili surua isienee, watoto 95 katika kila 100 wahitaji kupata zote mbili.

Lipo pia tatizo la kichupa. Chanjo huja ikiwa unga, huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na kichupa kimoja mara nyingi huwa na dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake, hutupwa baada ya saa sita. Muuguzi mwenye watoto wawili barazani hushawishika kuwaambia warudi siku nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mama aliyerudishwa huenda asirejee.

Homa au vipele vidogo huweza kutokea siku saba hadi 12 baada ya sindano, kisha huisha. Ule uvumi wa usonji ulitokana na makala ya Uingereza ya mwaka 1998, iliyofutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Mtoto aliyepitisha miezi 18 bila dozi ya pili bado aweza kupewa. Mzazi aende na kadi.