Kichomi kisichoondoka

Mswahili akidungwa na maumivu ubavuni kila avutapo pumzi, husema ana kichomi. Neno limezaliwa na kitenzi kuchoma, na linafaa kabisa. Ila tumelizoea kwa baridi na nimonia, maradhi ya muda mfupi, na anayesema "ni kichomi tu" husubiri kipite.

Mesothelioma haipiti. Ni saratani ya utando unaozunguka mapafu, mara chache ule wa tumboni, na chanzo chake kikuu ni nyuzi za asbesto. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya buluu huko Cape. Hawakuwa wachimbaji pekee. Walikuwamo watu waliokulia tu jirani na migodi. Ugonjwa hukaa kimya miaka 20 hadi 50, na ndiyo maana mzee aliyestaafu zamani hauhusishi na kazi yake ya ujanani.

Dalili zake ni kuishiwa pumzi, mara nyingi kwa sababu maji yamejaa kando ya pafu, maumivu ya kifua, pengine mazito kuliko makali, kikohozi kisichokoma, na kukonda bila sababu.

Kichomi kikidumu wiki kadhaa, nenda hospitali. Na kama uliwahi kukata, kutoboa au kubomoa mabati ya asbesto, mwambie daktari hata asipouliza.