Daemon, Mangi Rindi na hukumu ya dakika kumi za kwanza

Test zimeisha (ile ya takwimu tuiache kama ilivyo), na kama kawaida hosteli imegeuka ukumbi wa sinema. Laptopu moja, flashi moja, watu saba kitandani. Safari hii kuna chalii wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa hajawahi kuona House of the Dragon, basi tumeianza upya kwa heshima yake. Mimi nikakaa pembeni kumsikiliza anavyowahukumu wahusika.

Dakika kumi hazijaisha, kesi zote zimeshakatwa! Daemon: huyu ndiye mbaya, mwangalie tu macho. Otto Hightower: mzee wa busara, mshauri wa kweli. Alicent: binti mpole, wa kupeleka nyumbani kwa mama. Mfalme Viserys: mtu wa watu. Sisi tulioimaliza zamani tukanyamaza kimya, maana kumharibia mtu tamthilia ni dhambi. Lakini si ndivyo tulivyohukumu wote, usiku ule wa Agosti 2022 ilipoanza kurushwa? Ukifika mwisho wa msimu wa kwanza hujui tena nani ni nani. Yule mzee wa busara alikuwa anampeleka binti yake mwenyewe kwa mfalme aliyefiwa, na kila neno alilonong'ona lilikuwa na hesabu ndani yake.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Kitabu kilichozaa tamthilia hii, Fire & Blood cha George R. R. Martin, kilichotoka 2018, hakikuandikwa kama riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama kitabu cha historia. Msimulizi wake ni msomi wa kubuni anayelinganisha vyanzo vinavyogombana: kasisi anasema hivi, kichekeshi wa ikulu anasema vile, mganga wa ikulu anasema lake. Tukio moja, habari tatu. Aliyesoma somo la vyanzo vya historia ataipenda mno. Tamthilia imechukua habari moja na kutupigia picha, basi, ndiyo imekuwa kweli.

Nilipofika hapo nikaanza kuwafikiria wahusika wa kwetu hapa, chini ya huu mlima unaoonekana asubuhi kutoka dirishani na kujifunika mawingu ukifika muda wa pindi la saa nne.

Kwa wageni wa Moshi: zamani Uchagani hakukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, zimetenganishwa na mabonde ya mito, kila moja na mangi wake, na zikipigana. (Ndiyo hilo hilo neno mnalomwita muuza duka kule Dar, "Mangi nipe vocha". Cheo cha ufalme kimeishia kwenye unga na sabuni, hahaha.) Kibosho, Machame, Moshi, Kilema, Marangu, Keni kule Rombo. Ndoa za kisiasa, ahadi za usiku, majirani wanaogeukana asubuhi. Kilichokosekana ni majoka tu.

Mhusika ninayempenda kuliko wote ni Mangi Rindi wa Moshi. Moshi ninayosema hapa si huu mji wenye stendi, ni Old Moshi kule juu. Wageni walimwita Mandara. Na huyu ndiye Daemon wetu, kwa maana kwamba kila aliyekutana naye aliondoka na picha tofauti.

Mmisionari Charles New alifika kwake mwaka 1871. Rindi akampokea, New akapanda mlima hadi kuigusa theluji, akarudi salama, na kitabu chake kikatoka Uingereza 1873. Kumbe huo ulikuwa msimu wa kwanza. New akarudi tena Moshi, na safari hii Rindi akamnyang'anya mali zake. Mzungu wa watu akashuka kuelekea pwani akiwa mgonjwa, na akafia njiani mapema 1875. Kuanzia hapo kila Mzungu aliyepanda huku alikuja na hukumu yake tayari mfukoni. Joseph Thomson alipita 1883, Harry Johnston akaja 1884 akaishi kwa Rindi kwa muda, na wote wakaandika vitabu. Ukisoma vitabu vya namna hiyo unamkuta mtu mwenye akili nyingi, anayezungumza Kiswahili, mwenye maswali yasiyoisha, na mwenye kutaka zawadi kuliko afisa yeyote unayemjua wewe. Mlafi, basi. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye historia.

Lakini jiulizeni, wadau, nani alikuwa anaishi ng'ambo kidogo tu upande wa magharibi? Mangi Sina wa Kibosho, mwenye ngome ya mawe na jeshi la kutisha. Sina ndiye aliyekuwa na nguvu kweli kweli mlimani. Nchi ya Rindi ilikuwa ndogo. Mtaji wake mkubwa ulikuwa ni kwamba misafara ya pwani inapita kwake, na wageni wanalala kwake. Bunduki zinatoka kwa nani? Kwa wageni. Kwa hiyo kila mgeni aliyepiga hema Moshi alikuwa ni silaha ambayo Sina hana. Ukiiona hivyo, ule unaoitwa ulafi unaanza kufanana na bajeti ya ulinzi. Sisemi alimtendea New haki, hapana, alimwibia, na yule mtu alikufa. Nasema tu kwamba wenye kalamu walikuwa upande mmoja.

Na mwangalie alivyocheza. 1885 akawekeana mkataba na Wajerumani. Mwaka huo huo wamisionari wa Kiingereza wakaanza kukaa kwake, yaani mataifa mawili yanayogombea mlima yote yamelala uani pake. 1889 akatuma wajumbe wake hadi Berlin wakiongozana na Mjerumani Otto Ehlers (naye aliitwa Otto, sijatunga), na pembe ya ndovu kwa Kaisari. Watu wa Old Moshi wako Berlin mwaka 1889! Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kilele cha Kibo, na ndio tunaowakariri kwa ajili ya mtihani. Wale wajumbe nani anawakariri?

Februari 1891 hesabu ya Rindi ikalipa. Wissmann akapanda na jeshi la Wajerumani, askari wa Moshi wakiwa upande wake, wakaivunja ngome ya Sina. Adui wa miaka yote kapigwa, na aliyempiga ni mgeni wako. Mwaka huo huo Rindi akafa. Hakuuona msimu uliofuata.

Msimu uliofuata ni wa mwanawe, Meli. Na hapa nawaomba wale waliomzoea Meli wa mabango na hotuba wamwangalie kama mhusika mpya aliyeingia sasa hivi: kijana, karithi kiti kilichokaliwa na mjanja, na Wajerumani wameshaota mizizi. Juni 1892 von Bülow akamwendea kwa vita. Meli akamshinda, na von Bülow akafa. Wamisionari wa Kiingereza wakashukiwa kuwa upande wa Meli, wakaondoka mlimani mwaka huo huo. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi na von Schele na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Akaachwa hai, mangi chini ya bendera ya wengine.

Halafu anaingia Marealle wa Marangu, na sasa ndipo mabishano yanapoanza, maana hapa chuoni kuna watu wa Marangu na watu wa Old Moshi na wanakula meza moja. Habari inayosimuliwa zaidi ni hii: Marealle alikuwa karibu sana na kamanda wa Kijerumani, Johannes, na ndiye aliyemwaminisha kwamba mamangi wenzake wanapanga uasi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa Old Moshi pamoja na wengine, wote jumla 19, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Otto Hightower mtupu, utasema. Lakini mtu wa Marangu atakujibu kwamba nchi yake ilikuwa ndogo, imebanwa na wakubwa pande zote, na mangi wao akaifanya kuwa ya mbele bila kuchomewa vihamba. Mimi nina upande wangu, silali vizuri nikiwaza ule mti. Ila naona hesabu ya Marealle na hesabu ya Rindi ni ile ile: mtumie mgeni mwenye nguvu kummaliza jirani. Mmoja tunamwita mjanja, mwingine msaliti. Mwaka 1964 Kathleen Stahl alichapisha historia ya Wachagga iliyokusanywa kwa wazee wa nchi mbalimbali za mlimani, na utamu wake ni huo: ukivuka mto, yule mbaya anabadilika.

Hata vibanda vya mlimani vina hukumu yao. Njia ya Marangu, wapandaji wanalala kwanza Mandara, halafu Horombo, halafu Kibo. Enzi za Wajerumani vile viwili vya kwanza vilikuwa na majina ya Bismarck na Peters. Vikabadilishwa, sawa kabisa. Kwa hiyo Rindi ana kibanda, Horombo wa Keni ana kibanda. Sina hana, Meli hana.

Meli hana hata kichwa. Simulizi za huku zinasema baada ya kunyongwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba kwa mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Fuvu moja lilioana na la ukoo wa Akida, mshauri mkubwa wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Akida! Mhusika ambaye katika tamthilia angesimama nyuma ya kiti, na wewe usingeuliza hata jina lake.

Jumamosi ijayo tunapanda Tsudunyi kuuona ule mti, daladala tunachukulia Kiboriloni. Anayekuja aandike jina hapo chini, nauli kila mtu yake.