Gamba la Chuma na Manganizi kutoka Vilindi vya Pasifiki

Gamba hili jeusi, lililoganda juu ya mwamba wa mlima uliozama katika Bahari ya Pasifiki, limefanyika dahari kwa dahari kwa madini yaliyoyeyuka majini, ambayo hutua chembe kwa chembe mahali ambapo mikondo huzuia tope kurundikana, kwa kadiri ya milimita 1 hadi 5 tu katika kila miaka milioni. Mtaalamu akikwangua unga wa tabaka moja, hupima berili ili aujue umri wake, na neodimi ili abainishe maji yaliyopita hapo yalitoka bahari ipi. La ajabu zaidi, kwa rai yetu, ni kwamba mwaka 1999 wataalamu wa Ujerumani walitangaza dalili za chuma-60 katika gamba la namna hii, masalio ya nyota iliyolipuka.