Kitanda, sufuria na mkopo: Hesabu zinazomsubiri mwanafunzi mpya wa chuo kikuu

KILA mwaka ifikapo Agosti na Septemba, magari ya abiria yanayoelekea Njoro, Kesses, Juja, Maseno na Kilifi huonekana yamebeba magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Ndani hukaa vijana walioitwa kujiunga na vyuo vikuu, pamoja na wazazi walioshikilia bahasha za vyeti kana kwamba zina dhahabu. Sanduku la bati la shule ya upili limeachwa nyumbani.

Ni safari ya fahari, na haki iwe hivyo. Lakini aghalabu ndiyo siku ya mwisho ambapo mtu mwingine atamfanyia kijana huyo hesabu zake. Katika shule ya bweni kengele ililia, chakula kikapakuliwa, taa zikazimwa. Chuoni anapewa ufunguo na ratiba ya mihadhara, na baada ya wiki kadhaa anapokea kiasi cha pesa ambacho huenda hajawahi kukishika maishani mwake.

Pesa hizo ni chache, hilo halina mjadala. Hata hivyo, kinachowaangusha wengi ni namna zinavyokuja: kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi kwa kuchelewa, ilhali tumbo hudai kila siku na mwenye nyumba hudai kila mwezi.

Haikuwa hivi tangu jadi. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 1970, kilikuwa cha umma cha pekee nchini hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka wa 1984. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa mikopo mnamo 1974. Mwanafunzi alilala katika bweni la chuo, akala katika ukumbi wa chuo, kisha akabakiwa na posho iliyojulikana kama 'boom'. Wapo wazee wa leo wanaosimulia jinsi walivyotuma sehemu ya posho hiyo nyumbani kuwalipia wadogo wao karo.

Idadi ya wanafunzi ndiyo iliyolemea mpango huo. Mnamo 1987 makundi mawili yaliingizwa vyuoni kwa mpigo, ili kupunguza mrundiko uliotokana na chuo kufungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mnamo 1990 wakapokelewa kwa pamoja wahitimu wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4. Vitanda havikuongezeka kwa kasi ya vichwa. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini serikali ikaanzisha ugawanaji wa gharama, chakula kikawa cha kulipia papo hapo, na posho ikabaki kuwa hadithi.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Kwa miaka mingi baadaye mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alitozwa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, na akaomba mkopo wa kumsukuma mbele. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 uliibadilisha hesabu hiyo: gharama ya kozi ikagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, kwa kutegemea uwezo wa familia hiyo, na kukawa na mkopo wa kujikimu wa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na mzozo ukaelekea Mahakama ya Rufaa. Kwa sababu hiyo, ni busara familia ithibitishe viwango vya mwaka husika kabla ya kuvitegemea.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hulichanganya ni kwamba mkopo wa karo haupiti mikononi mwa mwanafunzi. Hutumwa moja kwa moja chuoni. Kinachomfikia yeye ni ule wa kujikimu, nao hugawanywa katika mihula miwili.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepewa Sh45,000 za kujikimu. Kwa muhula mmoja hizo ni Sh22,500. Muhula wa wiki 15 humpa basi Sh1,500 kwa wiki, na mtu akiishia hapo ataona mambo si mabaya. Ila hajalala bado.

Tuseme amepata kitanda ndani ya chuo kwa Sh5,000 kwa muhula. Atabaki na Sh17,500, yaani kama Sh166 kwa siku. Sasa tuseme amekosa kitanda hicho, akapanga chumba nje kwa Sh4,000 kwa mwezi. Miezi minne itameza Sh16,000. Zitasalia Sh6,500, ambazo zikigawanywa kwa siku hazifiki Sh62. Na mwenye nyumba akidai dipositi ya mwezi mmoja, kama ilivyo kawaida, zitakazobaki ni Sh2,500 kwa muhula mzima. Nauli, sabuni, uchapishaji wa kazi za darasani na bando za intaneti bado havijaguswa.

Viwango hutofautiana kutoka chuo hadi chuo na mji hadi mji, lakini uwiano huo haubadiliki sana. Ndiyo maana kitanda cha chuo ndicho msaada mkubwa kuliko wote anaoweza kuupata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ndicho cha kushughulikiwa kabla ya viatu vipya na simu mpya.

Siku hizi vyuo vingi hugawa vyumba kupitia mtandao. Tarehe ya kufunguliwa kwa usajili wa vyumba hutangazwa, na mara nyingi nafasi humalizika upesi mno. Anayesubiri hadi afike langoni ndipo aulize, huambiwa hakuna. Baadhi ya vyuo huwapa kipaumbele wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wanaotoka mbali, lakini kipaumbele hicho humfaa tu yule aliyejaza fomu kwa wakati.

Uhaba huu umezaa biashara yake. Yupo mwanafunzi anayepata chumba asichokihitaji, akamuuzia mwenzake kwa bei ya juu. Yupo pia yule anayelala katika chumba cha rafiki bila jina lake kuwa katika orodha. Lugha ya vyuoni humwita 'pirate', yaani haramia. Kitanda cha inchi 36 hulala wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule. Mwanafunzi mgeni asinunue kitanda kwa njia hiyo. Msimamizi wa bweni akifanya ukaguzi, anayetolewa nje ni yule asiye na stakabadhi, na aliyemuuzia hatarudisha hata shilingi.

Aliyepata chumba kihalali hutia sahihi fomu ya vifaa vilivyomo. Aisome kwanza. Kioo kilichopasuka, kitasa kilicholegea, soketi iliyoungua au godoro lililochanika ni lazima viandikwe siku hiyohiyo, la sivyo vitahesabiwa kuwa uharibifu wake, na vitakatwa kutoka kwa pesa za tahadhari alizolipa wakati wa kujisajili. Pesa hizo hurudishwa mtu anapomaliza masomo, nazo huwafaa sana wahitimu wasio na kazi.

Kuhusu mizigo, machache yanatosha: shuka mbili, blanketi, ndoo, beseni, ndara, na kufuli imara ya kabati. Kufuli ndiyo husahaulika, na wiki ya kwanza ndiyo yenye wizi mwingi, kwa kuwa nyuso zote ni ngeni na hakuna anayejua nani ni mwenyeji wa chumba kipi. Godoro ni la kuulizia kabla ya kusafiri, maana vyuo vingine hutoa na vingine havitoi.

Anayelazimika kupanga nje atakutana kwanza na wakala anayetoza ada ya kuonyesha nyumba. Wengine ni wa kweli. Wapo wanaoishi kwa ada hizo pekee, wakimtembeza mtu kwenye vyumba ambavyo tayari vina wenyewe. Na yeyote anayeomba dipositi kwa M-Pesa kabla ya chumba kuonekana, hata akituma picha nzuri namna gani, apuuzwe. Hosteli za kisasa za watu binafsi, kama zile za Qwetu jijini Nairobi, zina ulinzi na intaneti, ila bei zake hazikupimwa kwa kipimo cha anayeishi kwa mkopo wa HELB pekee.

Chumba kichunguzwe jioni pia, si mchana tu. Njia ya kutoka maktaba saa tatu usiku ina taa? Maji hutoka kila siku au mara mbili kwa wiki? Stima ni ya tokeni ya mpangaji mwenyewe, au wote wanachangia mita moja? Mwafaka kuhusu likizo ndefu nao uandikwe. Wenye nyumba wengine hukubali nusu ya kodi wakati mpangaji hayupo. Wengine hudai yote. Wanafunzi wengi huamua kuhama Aprili na kuhifadhi vyombo kwa rafiki, kisha hurudi wakakuta kodi imepanda.

Kupanga wawili hupunguza mzigo kwa nusu, lakini pia huvunja urafiki kwa kasi ya ajabu. Chanzo huwa mitungi ya gesi, sukari, na wageni wa usiku. Afadhali wagawane kwa maandishi nani hununua nini, hata kama ni aibu kuandikiana na mtu mliyesoma naye.

Sasa chakula, ambacho ndicho hula sehemu kubwa ya fedha. Kantini ya chuo kwa kawaida ndiyo nafuu kuliko hoteli za nje, na mwanafunzi anayeidharau kwa sababu ya foleni huilipia dharau hiyo. Vibanda vya nje navyo vina chapati na madondo, ugali na sukuma wiki, na kule Kilifi mahamri na mbaazi asubuhi. Ni chakula kizuri. Lakini anayekula kibandani mara tatu kwa siku hatafika wiki ya nane.

Kupika ndiko huokoa, mradi kuwe halali. Katika mabweni mengi majiko ya koili yamepigwa marufuku, na marufuku hayo yana sababu: nyaya za majengo ya zamani hazikutengenezewa koili 40 zikiwashwa pamoja saa moja jioni. Stima hukatika jengo zima, na wakati mwingine huzuka moto. Anayenaswa hunyang'anywa jiko na kutozwa faini inayozidi mlo wa wiki nzima.

Kwa aliye nje, mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita ni mali. Siri yake ni kutoupikia maharagwe makavu. Mama mboga huuza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, kazi ya mnunuzi ikiwa kukaanga kitunguu na nyanya tu. Mama huyohuyo hukatakata sukuma wiki bila kutoza zaidi. Omena hupita nyama kwa bei na haihitaji friji. Na familia yenye shamba isione haya kutuma unga na maharagwe kwa gari la abiria. Nauli ya kifurushi ni ndogo kuliko bei ya dukani.

Kisha kuna siku pesa zinapoingia. Habari huenea bwenini kabla ya ujumbe wa simu kufika, na wikendi hiyo maduka ya nguo na sehemu za burudani hufanya biashara ya mwaka. Njia iliyo rahisi kuifuata ni kulipa yasiyokwepeka siku hiyohiyo: kodi yote ya muhula ikiwezekana, kisha unga, mchele, mafuta, sukari na sabuni za miezi miwili. Kinachobaki kigawanywe kwa idadi ya wiki na kuwekwa katika akaunti isiyotumika kila siku, mwenyewe akijitumia kiasi cha wiki kila Jumatatu. Inaonekana kama mchezo wa watoto, ila hufanya kazi.

Hatari ya kizazi hiki ni mikopo ya simu. Fuliza ilipozinduliwa mnamo Januari 2019 ilikuja na urahisi usio na kifani: mtu hulipia asichonacho. Mwanafunzi anayeitumia kununulia chakula huku akisubiri HELB hujikuta mkopo ukiingia na kumezwa, kwa sababu deni hukatwa pesa zinapofika kwenye simu. Kamari ya mpira ni mbaya zaidi. Ipo karo iliyoishia huko, na wazazi wakajua siku ya mtihani, mtoto alipozuiwa mlangoni.

HELB yenyewe ni deni pia. Huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia nne, na anayekaidi hutozwa Sh5,000 kila mwezi. Asiyehitaji kiasi chote halazimiki kuomba chote.

Mkopo usipotosha, zipo basari za hazina ya eneobunge na za serikali za kaunti. Zote mbili huhitaji barua ya kujiunga na chuo, muundo wa karo na mara nyingi sahihi ya chifu, kwa hivyo nakala za kutosha zitolewe kabla kijana hajaondoka kijijini. Kumtafuta chifu kwa simu kutoka Kesses ni kazi.

Na njaa ikibisha kabla ya pesa kufika, jambo ambalo hutokea kila mwaka, wengi hunyamaza kwa aibu, wakanywa maji na kulala mapema. Ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi ipo kwa ajili ya hali kama hizo, na baadhi ya vyuo vina mpango wa kuwapa wanafunzi wahitaji kazi za saa chache maktabani, kantini au afisini kwa malipo. Nafasi hizo hutangazwa kwenye mbao za matangazo mwanzoni mwa muhula, wakati ambapo karibu kila mwanafunzi mgeni bado ana pesa mfukoni na hazisomi.