Kutoka Kipande hadi Viza ya Kazi: Karatasi Iko Mkononi mwa Nani?

Ndugu zetu wana wa Taita na Taveta, mlio nyumbani na mlio ughaibuni,

Kila mwaka katika kijitabu hiki huwa tunatenga kurasa chache za historia kabla ya kufika kwenye fomu ya michango. Mwaka huu tumechagua jambo linaloulizwa kuliko yote katika simu tunazopokea kutoka Wundanyi, Mwatate, Voi na Taveta: "Nitapataje kazi huko Marekani?" Tumeona afadhali tulijibu kwa kuanzia mbali kidogo, maana habari ya watu kuitwa kufanya kazi nchi ya mbali haikuanza na sisi. Ilipita hapa hapa kwetu.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Wengi wa mafundi na vibarua wake waliletwa kwa meli kutoka Bara Hindi, zaidi ya 30,000 kwa jumla. Walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi, na walikuwamo makuli wa kuchimba na kubeba. Walikuja kwa mkataba wa miaka 3, na ahadi ya kurudishwa kwao muda ukiisha. Sisi tulirithi hadithi za simba wa Tsavo waliowala watu mwaka 1898, lakini hatukusimuliwa sana habari za ule mkataba. Karibu watu 2,500 walikufa katika kazi hiyo. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na maelfu kadhaa wakabaki katika nchi hii. Basi mfanyakazi wa kigeni, mwenye ujuzi na asiye na ujuzi, tulimwona zamani akipita Voi.

Halafu ikafika zamu ya babu zetu. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Humo mwajiri aliandika siku aliyomwajiri, mshahara wake, na siku aliyomwachilia. Asipoandika kwamba amemwachilia, mtu huyo alishindwa kupata kazi kwingine. Na akiondoka hivyo hivyo, alitafutwa kama mtoro. Waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walilijua hilo vizuri. Karatasi ilikuwa na jina la mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa ya bwana.

Tunapenda kukumbusha pia kwamba kule milimani kulikuwa na chama kabla yetu. Taita Hills Association, kilichodai haki ya ardhi, kilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940. Wazee wale walifahamu kwamba mtu aliyenyang'anywa shamba hana budi kutafuta kibarua, na anayetafuta kibarua kwa njaa hasomi masharti.

Sasa tuvuke bahari. Marekani nayo ilibadili mawazo mara nyingi kuhusu mfanyakazi wa kigeni. Mwaka 1864, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyomruhusu mhamiaji kuweka rehani mshahara wake wa hadi miezi 12 ili alipe nauli ya kuja. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1868. Mwaka 1885, kwa shinikizo la vyama vya wafanyakazi, Bunge lao lilipiga marufuku kuleta vibarua kwa mkataba. Kwa miaka mingi baadaye, kibarua aliyefika bandarini na kusema kwamba ameahidiwa kazi aliweza kurudishwa kwa sababu ya ahadi hiyo hiyo.

Kwa watu wetu mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu nyingine. Sheria ya mwaka 1924 iligawa nafasi kwa kufuata mahali mtu alikozaliwa, na ilizipendelea nchi za kaskazini na magharibi mwa Ulaya. Sheria ya mwaka 1952 ilianza kuwapa kipaumbele wenye ujuzi uliohitajika sana, lakini koloni kama Kenya haikupewa zaidi ya nafasi 100 kwa mwaka. Ndiyo maana Wakenya wa mwanzo tunaowakumbuka Marekani walikuwa wanafunzi, sio wafanyakazi. Ndege iliyopangwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani mwezi Septemba 1959 ilibeba wanafunzi 81. Walikwenda kusoma, na wengi walirudi kulijenga taifa jipya.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria iliyofuta ubaguzi wa nchi za asili. Sheria hiyo iliweka mafungu mawili ya kazi, moja la wataalamu na jingine la wafanyakazi wenye ujuzi na wasio na ujuzi ambao nchi iliwakosa. Iliweka pia sharti linaloendelea hadi leo: Wizara ya Kazi ya Marekani ithibitishe kwanza kwamba hakuna mwenyeji aliye tayari na anayeweza kuifanya kazi hiyo, na kwamba kumleta mgeni hakutashusha mishahara ya wenyeji.

Sheria ya Novemba 1990 ndiyo iliyojenga nyumba tunayoiona sasa. Ilitenga viza 140,000 kwa mwaka kwa ajili ya wahamiaji wa kazi, na hesabu hiyo inajumlisha mume au mke na watoto. Iligawa watu katika makundi matano. Kundi la tatu ndilo linalowahusu wengi wetu, nalo hupata karibu viza 40,000. Lina watu wa aina tatu: wenye shahada ambayo kazi yenyewe inaidai, mafundi wa kazi inayohitaji mafunzo au uzoefu wa angalau miaka 2, na wafanyakazi wengine, yaani wale ambao kazi yao haihitaji hata hiyo miaka 2, kama kusafisha majengo au kukata kuku kiwandani. Hawa wa mwisho walitengewa nafasi zisizozidi 10,000, na sheria ya mwaka 1997 ikaruhusu zipunguzwe kwa hadi 5,000 kila mwaka. Sheria hiyo ya 1990 ilileta pia bahati nasibu ya viza. Wengi wetu tunaoandika hapa tuliingia kwa bahati nasibu hiyo, na baadhi yetu kwa uuguzi.

Tueleze namna viza ya kazi inavyotembea, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Haianzi kwa mwombaji. Inaanza kwa mwajiri. Kwanza mwajiri anauliza Wizara ya Kazi mshahara wa kawaida wa kazi hiyo katika eneo lake. Anaitangaza kazi hiyo kwa wenyeji. Akikosa mtu, anaomba idhini ya Wizara. Akiipata, anapeleka ombi Idara ya Uhamiaji, akionyesha kwamba ana uwezo wa kulipa mshahara alioutaja. Tarehe ya ombi la kwanza inakuwa nambari ya foleni ya mfanyakazi. Zamu ikifika, ndipo anapoitwa kwa mahojiano ubalozini Nairobi. Kwa manesi hatua ya kutangaza kazi kwa wenyeji na kuomba idhini huruka, kwa kuwa Wizara ilikwisha kuwaweka katika orodha ya kazi zenye upungufu. Lakini nesi lazima afaulu mtihani wa leseni ya Marekani, vyeti vyake vikaguliwe, na mwajiri awepo pale pale.

Foleni nayo si ya kutegemewa. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa inayoonyesha tarehe iliyofikiwa. Mwaka 2005 Bunge liliongeza viza 50,000 zilizokuwa hazijatumika, kwa ajili ya manesi na wenzao wa orodha ile. Ziliisha ndani ya miaka miwili hivi, na foleni ikarudi. Mwaka 2023 tarehe za kundi la tatu zilirudishwa nyuma, na manesi waliokuwa karibu kuitwa wakaambiwa wasubiri tena. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuahidi mwezi wa kusafiri anakuahidi kitu ambacho hata ubalozi hauwezi kuahidi.

Sasa tunaingia kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mzee mmoja wa kwetu aliuza sehemu ya shamba na ng'ombe wawili ili kijana wake apate "viza ya ghala." Wakala alimpa risiti, fomu zenye nembo, na jina la kampuni. Miezi ikapita. Kijana alipotupigia simu kutuuliza kampuni hiyo iko mtaa gani, tuliitafuta, na anwani ile ilikuwa ya duka la kufulia nguo. Hapakuwa na mwajiri. Na kama hapana mwajiri, hapana viza, hata fomu ziwe mia.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba sheria yenyewe ingemwokoa. Tangu Julai 2007 mwajiri wa Marekani haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama za kuomba idhini ya Wizara ya Kazi, hata ada ya wakili wa hatua hiyo. Mfanyakazi hujilipia mambo yake, kama mtihani, uchunguzi wa afya na ada ya viza. Lakini kazi yenyewe hainunuliwi. Mzee yule hakulijua hilo. Sisi tulilijua, na hatukuwa tumemwambia.

Hapo lazima tujilaumu. Tukirudi nyumbani Krismasi, kijana akituuliza tulifikaje, tunajibu, "Ni Mungu tu." Ni kweli, lakini si jibu. Mwingine anaogopa kuombwa msaada, mwingine anaona aibu kueleza kazi aliyoanza nayo, mwingine mambo yake ya karatasi hayakunyooka na hapendi yaguswe. Tumetuma mabati ya shule na madawati, na tunashukuru. Maelezo hatukutuma. Pengo hilo ndilo wakala alilolijaza.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Hata mwajiri wa kweli anaweza kuifanya karatasi kuwa kipande. Mikataba mingine ya manesi inamfunga mtu miaka 2 au 3, na akiondoka mapema anadaiwa maelfu ya dola. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko New York ilitoa uamuzi kuhusu manesi kutoka Ufilipino waliowekewa adhabu ya dola 25,000 wakiacha kazi. Mahakama iliona kwamba sharti hilo lilivunja sheria inayokataza kumlazimisha mtu kazi kwa vitisho. Manesi wale waliuliza mahakamani, na walishinda. Babu zetu hawakuwa na mahali pa kuuliza.

Kwa hiyo, kijana wetu, kabla ya kutoa shilingi moja uliza haya. Mwajiri ni nani, na tunaweza kumpigia simu sisi wenyewe? Mshahara umeandikwa kiasi gani? Nani analipa nini? Nikiacha kazi mapema itakuwaje? Na hiyo viza ni ya kudumu au ya msimu? Wakala asiyeweza kujibu haya matano, mpeleke kwa chifu, usimpelekee hati ya shamba.

Mwaka huu, pamoja na miradi ya kawaida ya maji na karo, tunaomba mchango wenu kwa mambo mawili. La kwanza ni meza ya ushauri: mtu mmoja nyumbani, na kikundi chetu huku, wa kusoma mikataba na kuhakiki waajiri bila malipo. La pili ni mkopo usio na riba kwa manesi wetu, kwa ajili ya mtihani na ukaguzi wa vyeti, ili wasiuze mali ya familia.

Tunajua wapo watakaouliza, na wana haki: mbona mnachangisha pesa ili kuwaondoa manesi katika zahanati zetu? Tulibishana juu ya hilo kikao kizima, na hatukumaliza bila kukubaliana. Kila mkopo utakaporudishwa, pesa hizo zitamlipia karo mwanafunzi wa uuguzi wa kwetu atakayejifunga kufanya kazi nyumbani kwa muda, na mkataba wake utasomwa mbele ya wazazi wake, ukurasa kwa ukurasa. Waliokwisha kuondoka ndio watakaowasomesha watakaobaki.

Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata. Kidogo si aibu. Haba na haba hujaza kibaba. Na asiye na pesa safari hii atuletee kitu kingine: historia yake ya kweli ya namna alivyofika alipo, aliyolipa na aliyodanganywa, ili wadogo zetu wasome kabla ya kutia sahihi.

Ni sisi wenu,
Kamati ya Chama