Masalia ya Kinu cha Mafuta: Steroli za Soya na Swali la Uoksidishaji, 1906–2000

Historia ya mafuta ya kula huandikwa kwa kuyafuata mafuta yenyewe, toka mbegu hadi meza. Makala haya yanafuata kinachobaki kiwandani, hususan steroli, na yanadai kuwa thamani yake haipimwi kwa wingi pekee.

Mwaka 1906, Windaus na Hauth wa Ujerumani walitenga stigmasteroli kutoka katika maharagwe ya Calabar, mmea wenye sumu wa Afrika Magharibi. Mwanakemia Mmarekani Percy Julian aliyachunguza maharagwe hayohayo katika miaka ya 1930. Mwaka 1936, baada ya kunyimwa ajira ya kudumu chuoni kwa sababu ya rangi yake, alijiunga na kampuni ya Glidden, Chicago. Huko maji yalipenya katika tangi la mafuta ya soya, yakaacha mashapo meupe. Mwingine angeandika hasara; Julian alitambua fuwele za steroli. Kutokana nazo kampuni ilianza kutengeneza homoni ya projesteroni kwa kiwango cha biashara.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Ila njia hiyo, iliyokwisha kuonyeshwa Ujerumani mwaka 1934, ilikuwa yenyewe ya uoksidishaji: ozoni hukata mnyororo wa pembeni wa stigmasteroli, huku kifungo maradufu cha ndani ya pete kikiwa kimekingwa kwa bromini. Oksijeni ya hewa haina mwongozo wa namna hiyo. Pakiwa na joto, hushambulia hasa kaboni ya 7 na kuzaa hidroksisteroli, ketosteroli na epoksidi.

Masalia ya hatua ya kuondoa harufu, ambapo mvuke hupitishwa katika mafuta yenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, hukusanya steroli, tokoferoli na asidi za mafuta pamoja. Yakiwekwa kwenye tangi la moto lililo wazi, steroli zake huendelea kuoksidika kabla hazijamfikia mnunuzi. Jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa kwa mtengeneza sabuni. Lilipata uzito steroli ziliporudi mezani: mwaka 2000 Umoja wa Ulaya uliruhusu zitiwe katika majarini ili kupunguza kolesteroli. Mkataba unaotaja asilimia ya steroli bila kutaja oksidi zake humlipa aliyehifadhi vibaya karibu sawa na aliyehifadhi vizuri.

Viwanda vya pwani yetu husafisha zaidi mawese yaliyoagizwa. Masalia yake ni asidi za mafuta kwa sehemu kubwa, na steroli ni haba. Kuyapeleka kwenye sabuni si uzembe. Kwa soya na alizeti hesabu ni nyingine, na huanzia kwenye mfuniko wa tangi.